Tupime Namna Mtoto Anavyojifunza, Lakini Tusimpe Alama

Mtaala wa umilisi wa Kenya unataka kila mtoto ajenge umilisi wa aina saba, na mmojawapo ni kujifunza jinsi ya kujifunza. Mambo yanayokusudiwa ni ya kawaida kabisa: mtoto ajue kutafuta jambo kitabuni bila kupekua kurasa zote, agundue mwenyewe kwamba hajaelewa alichosoma, agawe muda wake wa kudurusu, ajitahini kabla ya kutahiniwa, na ajue wakati wa kuomba msaada. Hayo hayana mpinzani. Ubishi huanza mtu anapouliza yapimwe vipi kwa mtoto wa miaka tisa au kumi, na nani aone matokeo. Hapo wenye nia njema hutengana, na nadhani wengi wanaelekea upande usiofaa. Msimamo wangu ni kwamba stadi hizi zipimwe, tena mapema, tangu Gredi ya 3. Zipimwe kwa kumpa mtoto kazi ndogo na kumtazama anavyoifanya. Na matokeo yaishie kwa mwalimu, mtoto na mzazi wake. Yakigeuzwa alama ya kumpangia mtoto shule, tutapoteza kipimo na stadi yenyewe pamoja. Nitaupeleka msimamo huu mbele ya wanaoupinga: mtahini, mwalimu wa darasa kubwa, na mzazi. Sauti hizi si za watu fulani. Ni hoja ninazoziona nzito, nikazipa midomo ili zisemwe kwa nguvu zake zote.

Mtahini: “Ndugu mwandishi, unajua kama ninavyojua kwamba katika shule zetu kisichotahiniwa hakifundishwi. Ukitaka mwalimu amfundishe mtoto kujitegemea katika masomo, weka alama. Nyenzo hazikosekani. Marekani wana madodoso yaliyofanyiwa utafiti, mtoto anasoma sentensi na kutia tiki. Tuyatafsiri, tuyagawe, tujumlishe, tupate takwimu. Ukikataa alama, umeifuta stadi hii kwenye ratiba kwa mkono wako.”

Hoja hii ina mambo mawili ndani yake, dodoso na alama, nami nitayatenganisha kwa sababu kila moja lina ubovu wake. Nianze na dodoso. Ni kweli kwamba yapo yaliyotungwa kwa watoto wadogo. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Rayne Sperling walichapisha moja la sentensi 12 kwa watoto wa darasa la tatu hadi la tano, na mtoto huchagua kati ya kamwe, mara nyingine na daima. Kama chombo cha utafiti, ni kazi ya uangalifu. Lakini hebu tufikirie sentensi kama “Nikisoma huwa najiuliza kama nimeelewa” ikiwekwa mbele ya mtoto wa Kitui au Kakamega, naye mwalimu amesimama kando ya dawati. Mtoto aliyelelewa kuwajibu wakubwa kwa adabu anafahamu jibu gani litampendeza mwalimu, na atatia tiki kwenye daima. Hasemi uongo. Anatii. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba hata mtoto aliye huru kusema ukweli wake hana ukweli huo mkononi. Mwaka 1977 Ellen Markman aliwaeleza watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu namna ya kucheza mchezo wa karata. Kila mchezaji ana karata zake zenye herufi, wachezaji wanafunua, na mwenye karata maalumu anashinda. Hakuwaambia karata maalumu ni ipi. Kisha akawauliza kidogo kidogo kama maelezo yametosha. Wale wadogo zaidi waliridhika, na wengi hawakugundua pengo hilo mpaka walipoanza kucheza au walipoonyeshwa mchezo unavyokwenda. Mtoto wa namna hiyo ukimuuliza kama huwa anagundua asipoelewa, atajibu nini? Kasoro unayotaka kuipima ndiyo hiyo hiyo inayomzuia kukujibu sawasawa. Kipimajoto kinachopata homa ya mgonjwa hakina faida kwa daktari.

Tena dodoso humpima mtoto kwa kipimo anachokibeba mwenyewe kichwani. Mwaka 2016 Martin West na wenzake walichapisha matokeo ya wanafunzi wa darasa la nane mjini Boston. Kulikuwa na shule zenye nidhamu kali ambazo zilipandisha alama za wanafunzi wake kwa kiasi kinachoonekana, lakini wanafunzi hao hao walijipa daraja la chini kuliko wenzao wa shule nyingine walipoulizwa kuhusu bidii na kujizuia kwao. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba shule hizo ziliwainulia kiwango cha kinachoitwa bidii, nao wakajiona wapungufu. Ukipanga shule kwa majibu ya namna hiyo, utaiadhibu iliyofanya kazi na kuisifu iliyolala. Na kwa watoto wetu kuna upotovu mwingine. Madodoso mengi ya tabia za kusoma huuliza kama mtoto ana mahali patulivu pa kusomea nyumbani, kama ana saa maalumu ya kudurusu, kama huzima televisheni. Mtoto anayerudi nyumbani kuchota maji, akamaliza kulea mdogo wake giza limeingia, na taa ni moja ya nyumba nzima, atapata sifuri hapo. Sifuri hiyo ni ya nyumba yao. Haituambii lolote kuhusu anachoweza kufanya akipewa kitabu na dakika 20.

Kwa hiyo tuache kumuuliza mtoto anajifunzaje, tumtazame akijifunza. Wazo hili si jipya. Tangu 1935, chini ya E. F. Lindquist, Chuo Kikuu cha Iowa kiliendesha majaribio kwa shule zilizojiunga kwa hiari, na miongoni mwa sehemu zake ilikuwamo ya stadi za kusomea: mtoto anapewa ramani aisome, jedwali alitafsiri, faharasa ya kitabu atafute humo, kamusi aitumie. Hapo hakuna anayeulizwa kama anaweza kutumia faharasa. Anapewa faharasa. Huko Uingereza, David Whitebread na wenzake wa Cambridge walikwenda mbali zaidi kwa kuwatazama watoto wa miaka mitatu hadi mitano wakicheza na kufanya kazi zao za kawaida, na mwaka 2009 wakachapisha orodha ambayo mwalimu anaweza kuijaza kwa yale aliyoyaona kwa macho. Walichokikuta kinatia moyo. Watoto ambao wasingeweza kueleza kwa maneno wanavyopanga kazi walionekana wakipanga, wakijisahihisha na wakibadilisha njia ile ya kwanza iliposhindwa. Mikono yao ilitangulia ndimi zao. Tungewapa dodoso tungesema hawana lolote.

Nichukue mfano wa kazi moja ambayo haihitaji hata shilingi, kwa sababu mjadala huu unapotea mara nyingi kwenye maneno makubwa. Mwalimu wa Gredi ya 4 anawapa watoto maneno 10 ya imla ya kesho: ghafla, mshumaa, dhoruba, na kadhalika. Kesho yake, kabla hajasoma neno la kwanza, anawaambia kila mmoja aandike kwenye pembe ya ukurasa idadi ya maneno anayodhani atayapata. Kisha imla inaendelea kama siku zote, wanabadilishana madaftari, wanasahihisha. Mwishoni mtoto ana namba mbili: aliyoitabiri na aliyoipata. Mmoja alitabiri 9 akapata 4. Mwingine alitabiri 5 akapata 5. Kwa kitabu cha alama, hawa wanatofautiana kwa alama moja tu, na wote ni wadhaifu. Kwa mwalimu anayetaka kujua nani anaweza kudurusu peke yake, wako mbali sana. Wa pili anajua mahali alipokwama, kwa hiyo jioni akikaa na daftari ataanzia hapo. Wa kwanza alifunga daftari jana akiamini amemaliza, na ataendelea kulifunga mapema mpaka mtu amwonyeshe pengo kati ya namba zake mbili. Rudia zoezi hilo kila wiki kwa muhula mmoja, pengo likipungua umeona stadi ikikua. Ungeweza kufanya vivyo hivyo kwa kumpa mtoto kitabu cha sayansi na swali moja, ukaangalia kama anafungua yaliyomo au anaanza ukurasa wa kwanza, na akishapata ukurasa anasoma vichwa vya habari au anaparamia aya ya kwanza iliyo mbele yake.

Mtahini: “Vizuri. Umenipa kipimo bora kuliko kile cha tiki, nakushukuru. Sasa niruhusu nikitumie. Tofauti kati ya namba mbili ni takwimu safi. Anayekosea kwa moja au pungufu amezidi matarajio, kwa mbili amefikia, kwa tatu anakaribia. Nitaiingiza kwenye tathmini ya shule na kila mwalimu ataifundisha.”

Hapa ndipo kipimo kinapokufa, na kinakufa siku ile ile. Mtoto mwerevu atagundua kabla ya wiki kwisha kwamba akitabiri sifuri na kurudisha karatasi tupu, tofauti yake ni sifuri, na amezidi matarajio. Au atatabiri 6 na kuanzia neno la saba akosee makusudi. Mwalimu mwenye haraka atawafundisha watabiri namba ya katikati. Namba ya mtoto kwenye pembe ya ukurasa ina maana kwa sababu moja tu, kwamba mtoto hana faida yoyote ya kuidanganya. Weka faida, maana inatoka. Najua kwamba mtahini atanikumbusha kuwa motisha hufanya kazi, na ni kweli. Tanzania kulifanyika jaribio kubwa, KiuFunza la shirika la Twaweza, katika shule 350. Ruzuku pekee kwa shule haikuinua ujifunzaji, lakini pale ruzuku ilipoambatana na bakshishi kwa walimu kulingana na idadi ya wanafunzi waliofaulu kusoma na kuhesabu, matokeo yalipanda. Tuangalie hata hivyo kilichohesabiwa. Mtoto aliyesoma sentensi mbele ya mpimaji amesoma. Hakuna namna ya kuigiza kusoma sentensi usiyoijua. Kipimo na jambo linalopimwa ni kitu kimoja. Katika stadi za kusomea, tunachokiona ni dalili ya jambo lililo kichwani, na dalili inaweza kufundishwa bila jambo lenyewe. Mtoto anaweza kufunzwa kupigia mistari maneno muhimu kwa rangi tatu, akapata alama kamili ya mbinu za kusoma, na asikumbuke aya hata moja. Mapitio ya John Dunlosky na wenzake ya 2013 yaliweka upigaji mistari miongoni mwa mbinu zenye faida ndogo, na kujitahini pamoja na kudurusu kwa vipindi vilivyoachana yakawekwa juu. Bahati mbaya mistari ya rangi ndiyo inayopendeza kwenye faili la mkaguzi.

Na alama katika mfumo wa Kenya haikai mahali ilipozaliwa. Katika mpangilio wa Baraza la Mitihani, tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6 zilipewa asilimia 60 ya matokeo ya mwisho wa msingi, na mtihani wa KPSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza 2022 na watoto zaidi ya milioni 1.2, asilimia 40. Kundi hilo lilipofika Gredi ya 9 mwaka 2025, KPSEA ilihesabiwa asilimia 20 ya matokeo yaliyowapangia shule za sekondari ya juu. Alama aliyoipata mtoto wa miaka 12 ilitembea naye miaka mitatu. Mwalimu anayejua hivyo, akiambiwa aandike kwamba mwanafunzi wake hajui kujisimamia, ataandika? Wachache watathubutu, na siwalaumu wanaokataa, kwa kuwa huruma kwa mtoto ni sehemu ya kazi yao. Lakini maandishi ya huruma si kipimo. Mwalimu aliye huru kuandika “huyu bado” kwenye daftari lake mwenyewe ndiye atakayemsaidia huyo ambaye bado.

Mwalimu: “Mwenzangu, nyote wawili mnazungumza kana kwamba nina watoto 15. Nina 68 katika chumba kimoja, madawati hayatoshi, kitabu kimoja kwa watatu. Nimeshajaza fomu za tathmini mpaka usiku, nikapakia kwenye tovuti kwa data ya simu yangu. Leo mnaniongezea jambo jingine la kutazama. Nitamtazama nani nikamwacha nani?”

Sauti hii ndiyo inayonilazimu kuwa mwangalifu kuliko zote, kwa sababu mageuzi mengi mazuri hufia mikononi mwa mtu mmoja aliyechoka. Jibu langu la kwanza ni lile lile la alama: fomu ni zao la alama. Matokeo yasipopelekwa popote, hakuna fomu, hakuna tovuti, hakuna data. Zoezi la imla linachukua nusu dakika zaidi ya imla iliyokuwapo tayari, na watoto ndio wanaoandika na kutoa hesabu. Kuhusu kutazama, simwombi mwalimu awatazame watoto 68 kwa siku moja. Watoto wanne kwa wiki, katika kazi waliyokuwa wanaifanya hata hivyo, na mstari mmoja kwa kila mmoja kwenye daftari. Kufikia mwisho wa mwaka darasa zima limepitiwa. Hicho kitabu kimoja kwa watatu, ambacho ni aibu ya bajeti wala si ya mwalimu, kinamwonyesha pia jambo ambalo chombo cha kigeni hakilioni. Madodoso ya Ulaya na Marekani humchukulia msomaji kuwa mtu aliyekaa peke yake. Wetu wanasoma kwa kundi. Nani kati ya watatu anasema “ngoja, rudi nyuma, sijaelewa”? Nani anauliza jirani kabla ya kubahatisha, na nani anaficha ujinga wake hadi ukurasa unageuzwa? Kuomba msaada kwa wakati ni stadi ya kujifunza kama zilivyo nyingine, na darasa lililojaa ndipo inapoonekana waziwazi. Lakini nakubali kwamba kuna idadi ambayo hakuna kipimo kinachoivumilia. Mwalimu wa watoto 120 haombwi kupima stadi za kusomea. Anahitaji mwalimu wa pili.

Mzazi: “Mimi naona mnatanguliza mkia. Mwanangu yuko Gredi ya 4 na anasoma kwa kuunganisha silabi. Ajue kusoma kwanza, hizo mbinu zenu zitakuja baadaye.”

Ndugu mzazi, hofu yako ina msingi. Mpango wa kiraia wa Uwezo, uliokuwa ukipita nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda tangu 2009 na karatasi za kiwango cha darasa la pili, ulituonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa madarasa ya juu zaidi hawakuiweza hadithi ya darasa hilo. Kama ningelazimishwa kuchagua kimoja, ningechagua kusoma. Lakini silazimishwi, kwa sababu stadi ninayoizungumzia hukaa ndani ya kusoma kwenyewe. Mtoto anayeunganisha silabi, akifika mwisho wa sentensi akagundua kwamba alichosoma hakina maana na kurudi mwanzo, atakuwa msomaji. Yule anayepita tu, sauti ikitoka na maana ikibaki kitabuni, anaweza kufikisha kasi nzuri na bado asisome. Ukisubiri amalize kusoma ndipo umfundishe kujisikiliza, umemwacha ajenge mazoea ambayo utayabomoa kwa shida akiwa na miaka 12.

Na wengine hawaji shuleni mikono mitupu. Mtoto wa Lamu, Mombasa au Unguja anayekwenda chuo cha Kurani jioni amezoea kumsomea maalimu aliyohifadhi bila kutazama, kusahihishwa papo hapo, na kurudia sura za zamani ili mpya zisizifukuze. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwa wanafunzi wa chuo kikuu kwamba waliosoma matini mara moja kisha wakajaribu kuikumbuka walikuwa na mengi kichwani baada ya wiki kuliko waliorudia kuisoma tu, ingawa waliorudia ndio waliokuwa na uhakika zaidi. Kanuni ni hiyo hiyo. Najua kwamba kuhifadhi maneno si kuelewa maana, na kuna wanaokariri bila kufahamu. Hata hivyo, mtoto huyo ana nidhamu ya kujitahini ambayo shule ya asubuhi haijawahi kumuuliza kama anayo, wala kumwonyesha kwamba inaweza kutumika kwenye majina ya mito au sehemu za ua. Kipimo kinachomtazama mtoto akifanya kazi kingeiona. Kinachouliza kama anatumia kalamu ya rangi hakitaiona kamwe.

Mtahini: “Imebaki hoja moja, na haitakuachia. Serikali imetumia fedha za umma kuandika kwamba watoto watajua kujifunza. Kila kitu kikibaki kwenye madaftari ya walimu, wananchi watajuaje kama imetimizwa?”

Swali hili ni halali, na jibu lake halihitaji alama ya mtoto hata mmoja. Tunachotaka kujua kuhusu nchi kinapatikana kwa sampuli. Baraza la Mitihani linaweza, kila baada ya miaka kadhaa, kuchagua shule kwa bahati nasibu katika kaunti zote, kutuma wapimaji wasiowafahamu watoto, na kumpa kila mtoto aliyeteuliwa kazi chache za dakika 30: tafuta ukurasa, soma ramani, tabiri kisha jaribu, soma maelezo yenye pengo useme kama yametosha. Jina la mtoto halichukuliwi. Jina la shule halichapishwi. Mwalimu hana sababu ya kumfunza mtoto namna ya kuigiza, kwa kuwa hajui kama shule yake itachaguliwa, na hata ikichaguliwa haipati wala haipotezi kitu. Takwimu hizo zitaihukumu wizara, vitabu ilivyonunua na mafunzo iliyowapa walimu, na wizara ndiyo inayodaiwa ahadi. Uwezo, uliokuwa mpango wa kiraia tu, ulitumia watu wa kujitolea na karatasi chache kuzifanya nchi tatu zijadili kusoma kwa miaka. Baraza lenye ofisi, bajeti na sheria nyuma yake haliwezi kusema kwamba jambo hili limelizidi, na kazi ya kuandaa majaribio ya kwanza ya sampuli inaweza kuanza bila kusubiri mtaala mwingine.